Felice Benuzzi: Mfungwa Aliyetoroka Kambi ya Nanyuki Kupanda Mlima Kenya, Kisha Akajirudisha Ndani Mwenyewe

Siku hizi kila mbogi ya Nairobi iko na stori ya Lenana. Ijumaa wasee wanaabiri mathree ya Nanyuki, wanalala baridi siku mbili tatu, Jumapili picha ziko kila mahali: jamaa na koti la kukodisha, bendera mkononi, mawingu chini ya miguu. Wengine wanasema hiyo ndiyo siku maisha yao ilibadilika. Wengine wanasema hawatawahi rudi huko hata kwa pesa.

Lakini kuna jamaa mmoja alifika hapo juu bila koti la kukodisha, bila gaidi, bila ramani na bila ruhusa ya mtu. Kamba yake ilikuwa ya kitanda. Vyuma vya miguuni vilitengenezwa na mafundi kutoka kwa takataka. Na mahali alianzia safari haikuwa hoteli, ilikuwa ni kambi ya wafungwa wa vita. Jina lake ni Felice Benuzzi, na stori yake iko hapa kwetu kabisa, ingawa wengi wetu hatukuwahi kufunzwa shuleni.

Mtoto wa milima na maji

Benuzzi alizaliwa tarehe 16 Novemba 1910 katika mji wa Vienna, Austria, lakini alilelewa Trieste, mji wa bandari ulio kaskazini mashariki mwa Italia. Trieste ni mahali poa sana kwa kijana mwenye nguvu: mbele yako bahari, nyuma yako milima. Huyu jamaa alichukua zote mbili. Akiwa mdogo alianza kupanda milima ya Alps iliyo karibu na kwao. Upande wa maji alikuwa moto zaidi, mpaka akaogelea kwa niaba ya taifa la Italia kati ya 1933 na 1935.

Shuleni pia hakuwa mchezo. Alisoma sheria Roma, akamaliza, kisha akaingia kazi ya serikali. Na hapa ndipo stori inaanza kuwa na kona, kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa ya Mussolini, na idara aliyoingia ilikuwa ile ya makoloni.

Mwaka wa 1935 Italia ilivamia Ethiopia. Walitumia ndege na gesi ya sumu dhidi ya watu ambao wengi wao walikuwa na bunduki za zamani na mikuki. Haile Selassie akalazimika kukimbilia Uingereza. Mwaka wa 1938 Benuzzi akatumwa Addis Ababa kama ofisa wa utawala. Hakuwa jenerali na si yeye aliyeanzisha vita, lakini tusimpake rangi pia. Alikuwa karani wa mfumo uliokuwa umekalia nchi ya wenyewe. Shika hiyo point, tutairudia.

Ngori inaanza

Vita Vikuu vya Pili vikachacha. Italia ikajiunga na Ujerumani mwaka wa 1940, na ghafla Waitalia wa Ethiopia wakajipata wamezingirwa na Waingereza kutoka Kenya na Sudan. Tarehe 6 Aprili 1941 Addis Ababa ikaanguka. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Mei, Haile Selassie akarudi mjini kwake.

Maelfu ya Waitalia wakashikwa. Wanaume wengi wakaletwa Kenya na kutupwa kwenye kambi za wafungwa. Benuzzi alikuwa mmoja wao, akatenganishwa na mkewe na binti yao mdogo.

Kama umewahi kupitia barabara ya Mai Mahiu ukielekea Naivasha, umeona lile kanisa dogo kando ya barabara. Lilijengwa na wafungwa hao wa Kiitalia mwaka wa 1942. Na ukienda Nyeri utapata kanisa la kumbukumbu ambamo amezikwa Duke wa Aosta, aliyekuwa mkubwa wao huku Afrika Mashariki. Alikufa Nairobi mwaka huo huo wa 1942 akiwa bado mfungwa. Kwa hivyo hii si stori ya mbali. Alama zake tunazipita kila siku tukiwa kwa gari.

Benuzzi akaishia Nanyuki, kwenye Kambi nambari 354.

Kifungo cha kukaa tu

Ukiskia kambi ya wafungwa unafikiria viboko na njaa. Kambi ya Nanyuki haikuwa hivyo sana. Dishi ilikuwepo, kidogo lakini ilikuwepo. Kazi ngumu ya kulazimishwa haikuwa shida yake. Shida ilikuwa kitu kingine ambacho kijana yeyote aliyewahi kaa keja miaka miwili baada ya kumaliza shule bila kazi anakijua: siku hazina tofauti. Unaamka, unahesabiwa, unakula, unaangalia waya, unalala. Kesho ni ile ile. Hakuna anayejua vita vitaisha lini, kwa hivyo huwezi hata kuhesabu siku zilizobaki.

Wasee walianza kuchizi polepole. Wengine walibishana juu ya vitu vidogo, wengine wakanyamaza kabisa. Benuzzi aliona anaenda njia hiyo hiyo.

Alifika huko kukiwa na mvua na mawingu, na kwa siku kadhaa hakujua ni nini kilichokuwa mbele yake. Halafu asubuhi moja mawingu yakafunguka. Kirinyaga hiyo hapo. Mawe meusi, barafu nyeupe, vilele viwili vimesimama juu ya msitu kama vimekatwa na panga. Jamaa aliyelelewa karibu na Alps, amefungiwa nyuma ya waya, na mbele yake kuna mlima wa pili kwa urefu Afrika nzima.

Hapo ndipo wazo lilimwingia: nitatoroka, nipande huo mlima, halafu nirudi.

Ndiyo, umesoma vizuri. Arudi. Hakukuwa na mahali pa kukimbilia. Ardhi ya karibu isiyokuwa upande wowote wa vita ilikuwa Msumbiji ya Wareno, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu, na Mzungu anayetembea peke yake porini angeshikwa haraka sana. Kuhepa moja kwa moja ilikuwa ndoto. Lakini kuhepa kwa wiki mbili, kufanya kitu cha maana kisha kurudi kusota na heshima yako, hiyo iliwezekana. Labda.

Mbogi ya watatu

Alipoanza kutafuta wenzake, wengi walimwona kichwa maji. Mwishowe akapata wawili.

Wa kwanza alikuwa Giovanni Balletto, daktari, mtu mtulivu ambaye pia alikuwa amepanda milima kwao. Wa pili alikuwa Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa mpanda milima hata kidogo. Alichukuliwa kwa sababu safari kama hiyo ilihitaji mtu wa tatu wa kubaki kambini chini, na pia kwa sababu alikuwa na ule wazimu mzuri wa kukubali kitu ambacho kila mtu mwenye akili timamu amekataa.

Sasa maandalizi. Hapa ndipo utawapenda, kwa sababu hawa watu waliendesha jua kali safi ndani ya jela kabla jina hilo halijakuwa maarufu hapa Kenya.

Kamba za kupandia walizitoa kwenye kamba za mkonge zilizokuwa za vitanda vyao. Nyundo zikageuzwa kuwa mashoka ya barafu. Vyuma chakavu vikapindwa na kuchongwa kuwa meno ya kufunga chini ya viatu, ili usiteleze kwa barafu. Mablanketi yakashonwa kuwa nguo za baridi. Chakula kiliwekwa akiba kidogo kidogo kutoka kwa mgao wa kila siku, na fegi zikatumika kama pesa, kwa sababu kambini fegi ndiyo ilikuwa chapaa. Kila kitu kikafichwa wakati wa misako.

Ramani? Hakuna. Walikuwa na lebo ya mkebe wa nyama na mboga za chapa ya Kenylon, ambayo ilikuwa na mchoro wa Mlima Kenya. Hiyo ndiyo ilikuwa GPS yao. Mengine Benuzzi aliyapata kwa kuutazama mlima kila ulipojitokeza kwenye mawingu, akikisia njia kwa macho.

Hiyo shughuli ilichukua miezi mingi. Na jambo la ajabu ni kwamba dawa ilianza kufanya kazi hata kabla hawajatoka. Benuzzi alikuwa tena na kitu cha kufanya kesho. Siku zikaanza kuwa na maana, kwa sababu kila siku ilileta msumari mmoja, kipande kimoja cha kamba, tini moja ya chakula. Mlima ulimtoa ndani ya kambi miezi kadhaa kabla ya miguu yake kutoka.

Januari 24, 1943

Wafungwa waliruhusiwa kulima bustani ndogo za mboga nje ya ua. Mbogi yetu ikatengenezewa ufunguo wa bandia wa geti la kuelekea huko. Tarehe 24 Januari 1943 wakachomoka. Mwezi waliuchagua vizuri, kwa sababu Januari na Februari ni kiangazi upande huo, na hadi leo ndiyo miezi mizuri ya kupanda.

Mwanzo walitembea usiku na kujificha mchana, kwa sababu mashamba ya chini yalikuwa ya masetla. Kisha wakafuata bonde la mto Nanyuki wakiingia msituni. Mizigo ilikuwa mizito, viatu vilikuwa vibaya, na silaha hawakuwa nayo hata moja. Huko ndani kuna nyati, chui na vifaru wa wakati huo. Ndovu walikutana naye uso kwa uso, na hawakuwa na la kufanya ila kumwachia njia yake.

Barsotti alikuwa mgonjwa karibu tangu mwanzo. Homa ilimbeba vibaya lakini alikataa kurudi. Walipotoka msituni wakaingia ile sehemu ya juu yenye mimea ya ajabu, ile minene yenye vichwa kama kabichi kubwa ambayo kila mtu hupiga nayo picha siku hizi. Huko wakapiga kambi ya mwisho, na Barsotti akabaki hapo.

Benuzzi na Balletto wakalenga Batian.

Kama hujui, Mlima Kenya si kilele kimoja. Batian ndiyo kubwa, mita 5,199. Nelion inafuata na mita 5,188. Hizo mbili si za kutembea, ni za kupanda ukuta wa mawe kwa kamba na ujuzi. Mtu wa kwanza anayejulikana kufika Batian ni Mwingereza Halford Mackinder mwaka wa 1899, akiwa na wataalamu wawili wa Alps na msafara mkubwa wa wapagazi. Baada ya hapo ilipita miaka 30 kabla ya Eric Shipton na Wyn Harris kuifikia tena mwaka wa 1929. Hiyo ndiyo kitu hawa wawili walitaka kufanya wakiwa na njaa, na kamba za kitanda.

Walijaribu upande wa kaskazini magharibi. Mawe yalikuwa baridi, barafu ngumu, halafu theluji ikaanza kumwagika. Kamba ya mkonge ikilowa na kuganda inakuwa kama fimbo. Wakafika mahali ambapo hatua moja zaidi ingekuwa ya mwisho ya maisha yao. Wakageuka. Ilikuwa uchungu, lakini waligeuka, na hiyo ndiyo sababu kuna stori ya kusimulia.

Walipumzika, wakakusanya nguvu kidogo iliyobaki, wakaelekea kilele cha tatu. Tarehe 6 Februari 1943 Benuzzi na Balletto wakasimama Point Lenana, mita 4,985. Wakasimamisha bendera ya Italia waliyokuwa wameitengeneza wenyewe, wakaacha chupa yenye majina yao, wakaangalia dunia kutoka juu. Ukibahatika na hewa safi, kutoka pale unaweza kuona hadi Kilimanjaro upande wa kusini. Chini kabisa, mahali fulani kwenye ile nyanda ya Nanyuki, kulikuwa na mraba mdogo wa waya ulio na kitanda chake ndani.

Kurudi ndani

Njia ya kushuka ndiyo karibu iwamalize. Chakula kiliisha. Siku za mwisho walitembea wakiwa matumbo tupu, mmoja akiwa mgonjwa, wote wakiwa mifupa tu. Tarehe 10 Februari, siku ya 18 tangu watoke, wakaingia kambini kimyakimya jinsi walivyotoka, wakapata wenzao, wakakula, kisha wakajipeleka wenyewe kwa Waingereza.

Adhabu ilikuwa siku 28 kwenye seli. Mkuu wa kambi alipoelewa walichokuwa wameenda kufanya, akawapunguzia hadi siku 7. Alikiona kama mchezo wa kiume, na Waingereza wanaheshimu michezo. Muda mfupi baadaye wapanda milima wengine wakafika Lenana na kukuta bendera ya adui inapepea juu ya mlima wa koloni la Uingereza. Hebu fikiria sura zao.

Maisha baada ya mlima

Benuzzi aliendelea kuwa mfungwa hadi 1946 aliporudishwa kwao. Mwaka wa 1947 akatoa kitabu chake kwa Kiitalia, Fuga sul Kenya. Toleo la Kiingereza, No Picnic on Mount Kenya, likatoka mwaka wa 1952 na likawa moja ya vitabu vinavyopendwa zaidi na watu wa milima duniani. Mwaka wa 1994 stori ikaongezewa chumvi ya sinema kwenye filamu inayoitwa The Ascent.

Yeye mwenyewe akaingia kazi ya ubalozi mwaka wa 1948. Akafanya kazi nchi mbalimbali, zikiwemo Australia na Pakistan, na akamalizia kama balozi wa Italia nchini Uruguay. Alikufa Roma mwezi Julai 1988, akiwa na miaka 77.

Lakini ngoja kwanza

Tulisema kuna point tutairudia. Hii hapa.

Mwaka ule ambao Benuzzi aliadhibiwa siku 7 kwa kutoroka, Mwafrika wa Kenya alitembea na kipande shingoni. Kijana wa Kikuyu aliyezaliwa chini ya Kirinyaga hangeweza kumiliki shamba kwenye ile ardhi ya masetla ya Nanyuki. Mlima ambao babu zake waliuelekea wakimwomba Ngai ulikuwa sasa ni uwanja wa Wazungu kushindana nani ataweka bendera. Hata majina ya vilele yanasema kitu: Batian, Nelion na Lenana ni majina ya viongozi wa Kimaasai, lakini aliyeyapachika hapo ni Mackinder. Na Benuzzi, aliyejua vizuri uchungu wa kufungiwa, alikuwa ametoka kufanya kazi kwenye utawala uliokuwa umefungia Waethiopia nchini mwao.

Hiyo haifuti alichofanya. Unaweza kumheshimu mtu kwa moyo wake na bado ujue alikuwa amevaa sare gani. Labda ndiyo maana bendera muhimu zaidi kuwahi kupanda mlima huo si yake. Desemba 1963, Kenya ikipata uhuru, Mkenya kwa jina Kisoi Munyao alipanda Mlima Kenya na kuipandisha bendera yetu. Miaka 20 tu baada ya Benuzzi. Hapo mlima ukarudi kwa wenyewe.

Ukipanga kwenda

Leo njia ya kufika Lenana iko wazi kwa yeyote mwenye miguu na subira. Sirimon inaanzia upande wa Nanyuki na ndiyo rahisi zaidi kwa mara ya kwanza: unalala Old Moses, kisha Shipton's kwenye mita 4,200, halafu unarauka usiku wa manane ili ukute jua likichomoza ukiwa juu. Naro Moru ni fupi lakini ina ule mteremko wa matope unaovunja watu roho. Chogoria ni ndefu, na kwa macho haina mpinzani: maporomoko, Ziwa Michaelson, na bonde refu chini yako.

Kaa rada na mambo mawili. Kwanza, usiende solo, chukua gaidi anayejua mlima. Pili, kimo hakijali kama unapiga gym. Kichwa kikianza kugonga, ukianza kutapika na kuyumba, shuka. Lenana haiendi mahali. Benuzzi alikuwa amejiandaa kwa miezi, Batian ikamkataa, akageuka. Ndiyo maana alizeeka.

Na ukifika juu, kabla hujatoa simu, angalia upande wa Nanyuki. Mwaka wa 1943 kuna jamaa alisimama hapo ulipo, akiwa amekonda, akiangalia chini kwenye jela yake, na akijua kwamba siku chache baadaye atashuka na kuingia ndani yake tena. Alishuka.